Matilda Analia Kila Jioni

Uyole, Mbeya, 8 Desemba

Naomba radhi kwa kimya kirefu, ingawa sijui hasa namwomba nani. Mara ya mwisho niliandika humu mwezi wa Julai. Mtu aliyewahimiza wanafunzi wake maisha yake yote kwamba shajara ni nidhamu hana haki ya kuiacha namna hii. Udhuru sina. Nilikuwa mzima, kalamu ilikuwapo, mambo yalikuwapo. Nilizembea.

Yaliyotokea ni haya. Mwanangu Yohane, anayenunua vitunguu Ruaha Mbuyuni na kuvipeleka Dar es Salaam, alipata mtoto wa kike mwezi uliopita. Mkewe, Frida, ni binti wa Kihesa, Iringa. Kwa kuwa Yohane yuko barabarani siku zote, tulikubaliana Frida ajifungulie hapa kwetu, mke wangu Tumpe amtunze. Mtoto ameitwa Matilda, jina la marehemu mama yangu. Nimemwona mara mbili tu, Tumpe alipomleta sebuleni.

Kwa atakayesoma bila kujua desturi zetu: kwetu Wanyakyusa, baba na mke wa mwanawe hawakutani. Hawatazamani usoni, hawakai chumba kimoja, hawasemezani. Nikiingia uani nakohoa. Frida anajifunika kitenge na kutokea mlango wa nyuma. Nikiwa na neno la kumwambia nampa Tumpe, naye hulifikisha. Vijana wengi wameiacha desturi hii, na mchungaji wetu husema hailazimu. Katika nyumba yangu imeshikwa, nami najivunia hivyo.

12 Desemba

Mvua. Tumemaliza kupanda mahindi ya bondeni. Jioni mtoto alilia sana.

13 Desemba

Mvua. Alilia tena, tangu kuku walipoingia bandani hadi tulipokwisha kula.

16 Desemba

Sasa naweza kusema kwamba hii ndiyo kawaida yake. Mchana ni mtulivu. Ananyonya, analala, anamkazia Tumpe macho kama hakimu. Jua likishuka, kilio kinaanza. Tumpe anasema hukunja ngumi, huvuta magoti hadi tumboni, uso ukaiva kama nyanya za Ilula. Mimi nasikia sauti tu, nayo inapenya ukuta wa matofali ya kuchoma. Baadaye, bila mtu kufanya jambo lolote la maana, ananyamaza na kulala.

Leo amekuja jirani yetu Veneranda, mwenye genge la mboga njia panda. Huyu mwanamke hajawahi kusikia ugonjwa asioujua. Nilikuwa sebuleni, nikawasikia jikoni.

“Mama Yohane, hilo ni chango la tumbo.”

“Najua. Nimeshampa ya chango.”

“Kidogo?”

“Kijiko.”

Nilimwita Tumpe nje. Nilimwuliza amempa nini kichanga ambaye hajatimiza mwezi.

“Mizizi tu ya kuchemsha. Wewe mwenyewe ulinyweshwa hiyohiyo, mbona umefika uzee?”

“Nimefika uzee kwa neema, si kwa mizizi.”

“Haya, isubiri neema hapo kibarazani, sisi tukambembeleze mtoto.”

Veneranda alicheka hadi akakohoa. Sikuona cha kuchekesha.

19 Desemba

Nimekwenda kliniki peke yangu. Nilipanga foleni katikati ya kina mama wenye watoto, wakinitazama kama mtu aliyekosea basi. Muuguzi ni binti wa Kisukuma, Mbuke, ambaye wazazi wake walihamia Usangu na ng’ombe wao.

“Shikamoo, babu. Mgonjwa yuko wapi?”

“Hakuja. Mama yake ni mkwe wangu, siwezi kufuatana naye.”

“Kwa hiyo umekuja na masikio tu?”

“Nimekuja nayo yote mawili. Sema.”

Alisema vizuri, sitamnyima sifa yake. Anamkumbuka Matilda kwa kuwa alimpima wiki hii, na uzito wake unapanda inavyotakiwa. Mtoto anayenyonya vizuri, anayeongezeka uzito, asiye na homa, asiyetapika kupita kiasi, ambaye choo chake hakina damu, na bado analia kila jioni, huyo ni mzima. Wataalamu wanaita msokoto wa tumbo, lakini akakiri kwamba hakuna anayejua kwa hakika kama tumbo ndilo lenye kosa. Huenda ni hewa anayomeza. Huenda amechoshwa na mwanga na kelele za mchana kutwa. Huanza wiki ya pili au ya tatu, hupanda hadi karibu mwezi na nusu, kisha hushuka; akifikisha miezi mitatu au minne, kwa kawaida kumekwisha.

“Na dawa yake?”

“Dawa ni mikono ya watu, babu. Abebwe wima, acheulishwe akishanyonya. Alazwe kifudifudi juu ya mkono wa mtu, akiwa macho, huku anatembezwa. Aogeshwe maji ya vuguvugu. Pawe na utulivu. Leo litasaidia hili, kesho lile, keshokutwa halitasaidia lolote. Mama akichoka, mwingine apokee. Kwenu mko wangapi?”

“Wawili, pamoja na mama yake.”

“Na wewe?”

Nilishika fimbo yangu, tayari kuondoka.

Akaendelea kwa sauti nyingine kabisa: asipewe kitu chochote isipokuwa maziwa ya mama, si mizizi, si maji. Na kama kilio kinamzidi anayembeba, amlaze chali mahali salama, atoke nje, apumue, ndipo arudi. Mtoto hafi kwa kulia, alisema. Hufa kwa kutikiswa na mtu aliyechoka.

Nimemweleza Tumpe somo lote, neno kwa neno, nikamtaka amfikishie Frida. Amesema, “Nimesikia.”

22 Desemba

Mvua na ukungu. Amelia. Kama somo langu limefika, silioni.

27 Desemba

Yohane alikuja kwa Krismasi na leo ameondoka. Jioni zote alizokaa hapa, kilio kilipoanza alikumbuka ana mtu wa kuonana naye stendi. Nimemwambia kwamba mwanaume asiyeweza kusikia kilio cha mwanawe hakustahili kumzaa.

“Baba, nina mzigo unaoza Ruaha.”

“Unao mzigo mwingine hapa, nao hauozi. Unalia.”

Alinibusu mkono, akapanda gari. Ningemchapa kama si ndevu zake.

2 Januari

Kilio kimezidi. Leo kimeanza mapema na hakikukatika hata mvua ilipopiga bati kwa nguvu. Nilikaa kibarazani mikono magotini, kama abiria.

Kisha nikasikia jambo lililonichafua moyo. Veneranda ametoa hukumu mpya: mtoto amebemendwa. Kwa maneno mengine, Yohane alipokuja Krismasi walilala pamoja na mkewe kabla ya wakati, na uchafu huo umeingia katika maziwa. Au, aliongeza kwa sauti ya chini iliyofika hadi kibarazani, “labda si Yohane, nani anajua, mwanaume mwenyewe hakai nyumbani.” Na Tumpe, mzee wa kanisa mwenzangu, anayekaa benchi la mbele kila Jumapili, hakumfukuza. Alisema, “Mh.”

Nilipiga hodi kwa fimbo kwenye mlango wa jikoni. Nikasikia Frida akitoka haraka nyuma, kwenye matope, na mtoto wake. Hilo nalo limenitia hasira: mimi nimekuja kumtetea, na yeye amelazimika kunikimbia kwenye mvua.

“Mnaosema mtoto amebemendwa,” nikasema, “mnasema mtoto wa namna hiyo hudhoofu. Huyu ananenepa kila akipimwa. Alianza kulia kabla ya Krismasi. Sasa niambieni, dhambi ilirudisha kalenda nyuma?”

“Mwalimu,” Veneranda akasema, “mambo ya wanawake hayana ubao na chaki.”

“Yana akili?”

Tumpe aliniomba nirudi sebuleni.

5 Januari

Nimefanya jambo ambalo sikuwahi kudhani nitalifanya. Kwa desturi yetu, mtu akiwa na neno zito kwa mkwewe anaweza kukisemesha kitu kingine, mkwe akiwa karibu, asikie. Baba yangu alisema na mgomba. Mimi, baada ya ibada, nilisimama karibu na dirisha la Frida na kumhutubia kuku.

“Wewe kuku,” nikasema, “mwanao ni mzima. Usimpe dawa ya mtu yeyote. Mbebe wima. Mlaze juu ya mkono wako, tumbo chini, umtembeze. Ukichoka, mpe mwenzako. Hukukosa jambo lolote. Hili litapita.”

Veneranda alikuwa anapita na kapu lake la figiri.

“Haya, majirani! Mwalimu amestaafu watu, sasa anafundisha kuku!”

Nimemaliza somo langu hata hivyo. Dirishani hapakuwa na jibu, wala sikulitarajia.

8 Januari

Mvua. Amelia. Tumepalilia.

10 Januari

Sasa wamefika kwenye kimeo. Nilikuwa nalisubiri neno hili kama mtu anavyosubiri radi baada ya mwanga wake. Kwamba kidole kile chekundu kinachoning’inia nyuma ya koo ni kirefu mno, ndicho kinachomsonga mtoto, na kikikatwa atatulia. Mkataji ni mzee Obeid, anayezunguka vijijini na kisu kidogo kilichopindwa ncha.

Nilipokuwa mwalimu mkuu wilayani Rungwe, mdogo wa mwanafunzi wangu alikatwa kimeo asubuhi akiwa mzima. Alivuja damu mchana kutwa, wazazi wakiambiwa ni uchafu unaotoka. Tulimzika siku iliyofuata. Mimi ndiye niliyeshika upande mmoja wa jeneza, na halikuwa na uzito wa kuhitaji mtu wa pili.

Nimemwambia Tumpe haya yote, nikimtazama machoni. Nimemwambia: “Nakataza. Kamwambie Frida kwamba mimi, baba mkwe wake, nakataza.”

“Nitamwambia.”

“Leo.”

“Nimesema nitamwambia, Baba Yohane. Mimi si mwanafunzi wako.”

14 Januari

Nitaandika kwa utaratibu.

Baada ya chakula cha mchana nilikwenda kwa wakala wa mbolea. Mbolea haikuwa imefika, na mvua ilikuwa inajikusanya upande wa Mlima Mbeya, kwa hiyo nikarudi mapema kuliko nilivyotarajiwa. Getini nilikohoa. Hakuna aliyetoka mlango wa nyuma. Nilikohoa tena. Kwenye mlango wa jikoni niliona ndala za kiume zenye matope.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Obeid alikuwa amekaa kwenye kigoda changu, anasuuza kisu chake katika bakuli la udongo. Tumpe alikuwa amempakata mtoto, kichwa kimeegemezwa kwenye goti. Veneranda amewasha tochi ya simu. Frida alikuwa chini kwenye pembe, ameelekea ukutani, kitenge kimemfunika hadi usoni.

Mtoto hakuwa analia. Ilikuwa mchana, saa zake za utulivu. Alikuwa anaitazama ile tochi.

Nilisimama kizingitini. Nitaandika ukweli: nilisimama. Mwili wangu wote umefundishwa tangu utotoni kwamba mahali alipo mke wa mwanangu mguu wangu haukanyagi, na miguu ilikataa kama ya punda.

“Mama Yohane,” nikaita, “toka nje na huyo mtoto.”

“Baba Yohane, humu yumo mkweo. Usiingie.”

“Toka nje.”

“Usiingie, nimesema! Utatuletea laana!”

Obeid akainua kisu, akakipangusa kwa kitambaa.

Niliingia.

“Weka hicho chini,” nikamwambia.

“Mwalimu, mimi sijileti. Nimeitwa. Nimekata watoto wa huku kote, hadi wa watu wakubwa, wanarudi wenyewe kunishukuru.”

“Na waliokufa, nao wanarudi kukushukuru?”

Alikiweka chini. Ndipo Frida aliposema. Hajawahi kunisemesha neno tangu aolewe. Sikuijua hata sauti yake isipokuwa kwa mbali, akiimba jikoni. Alisema akiwa bado ameelekea ukuta:

“Baba, kama ni wewe uliyeagiza, basi mshike mwenyewe wakati wanamkata. Mimi siwezi.”

“Nani amesema nimeagiza?”

Mvua ilikuwa imefika, ikaanza kupiga bati. Veneranda alizima tochi yake, kama vile giza lingemwondoa chumbani.

“Frida. Nani amekwambia kwamba nimeagiza?”

“Mama amesema, ‘Baba ameamua, mtoto akatwe.’”

Nilimtwaa mtoto kutoka mikononi mwa Tumpe. Nilivuka jikoni, nikainama, nikamkabidhi mama yake, mkono kwa mkono, na nikamtazama usoni. Ni uso wa mtu ambaye hajalala tangu Desemba. Nikamwambia, “Sikuagiza. Nilikataza.”

Tumpe alipiga yowe kana kwamba mimi ndiye niliyemkata mtu. “Umeniaibisha! Mbele ya watu, katika jiko langu, umeniaibisha!” Obeid alitoka na ndala mkononi. Veneranda alimfuata bila kuaga, na kwake hilo ni jambo geni.

Jioni mtoto alilia kama kawaida.

15 Januari

Frida ameondoka na mtoto kwa basi la asubuhi, kwenda kwao Kihesa. Hakuniaga. Kwa desturi yetu, hakupaswa kuniaga.

17 Januari

Ndugu zangu wamepiga simu kutoka Tukuyu. Wamesikia kwamba nimevunja mwiko, na wanataka nichinje ng’ombe ili nyumba isafishwe. Wamesema kwa kirefu kuhusu ng’ombe: rangi yake, nani apewe paja, nani apewe kidari. Hakuna aliyeuliza hali ya mtoto. Nimekata simu mmoja akiwa bado anasema.

20 Januari

Mimi na Tumpe tunaishi kama wapangaji wawili. Leo nilimwuliza, kwa sauti niliyodhani ni ya upole, kwa nini alinisingizia.

Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

“Kwa sababu asingekubali kwa neno langu. Kwa neno lako angekubali. Hawezi kukuuliza.”

Hivyo ndivyo ilivyo. Desturi niliyojivunia ndiyo iliyomwezesha. Angesema nimeagiza mtoto atupwe mtoni, na Frida asingekuwa na njia ya kuniuliza.

Kisha akasema jambo ambalo hajapata kulisema. Kabla ya Yohane tulikuwa na mtoto wa kiume, Anord, aliyefariki hajamaliza miezi minne. Hilo nalijua; nilimzika. Nililokuwa silijui ni kwamba mama yangu, Matilda mwenyewe, alimwambia Tumpe siku ya matanga: “Kilikuwa kimeo. Ungemkata mapema, angekuwa hai.” Amekaa na maneno hayo tangu wakati ule. Yohane alimpeleka akakatwa kwa siri nikiwa kazini, mtoto akapona, naye akaona ameokoa. Na kila jioni Matilda huyu anapolia, anamsikia Anord.

Anord alikuwa na homa siku nyingi. Kifua chake kilikuwa kinaingia ndani akivuta pumzi. Hakuwa na kimeo. Alikuwa na kichomi. Nimemwambia hivyo. Aliendelea kuchambua maharage, lakini alikuwa anatupa mazima na kubakiza mabovu.

Sasa naijua sababu. Kuijua sababu si kusamehe. Hasira yangu iko palepale, ila haina mahali pazuri pa kukaa kama mwanzo.

26 Januari

Mvua. Jioni ilikuwa kimya kabisa. Wote wawili tuliinua vichwa saa ile ya kilio, tukatazama mlango wa chumba cha nyuma, kisha kila mmoja akajifanya hakutazama.

Kihesa, Iringa, 1 Februari

Nimekuja. Yohane hakujua, Tumpe alijua na hakunizuia. Mama yake Frida, Faustina, ni mjane, mkulima, Mlutheri, mwanamke asiyepoteza maneno.

“Kamwene, mkwe. Umekuja kumchukua?”

“Nimekuja kuongea naye, akipenda.”

“Hapa watu wanaongea. Kaa.”

Alinikalisha kwenye meza moja na Frida. Sikujua pa kuweka macho, nilitazama kikombe. Frida naye alitazama chake. Faustina alisema, “Basi hivyo vikombe vianze kuongea, nyie mfuate,” akatoka zake.

Ndipo tukasema. Aliniambia yote aliyofikishiwa kwa jina langu tangu Desemba. Kwamba Baba anasema maziwa yako ni mepesi. Kwamba Baba anataka mtoto anyweshwe mizizi. Kwamba Baba anauliza kama umetulia kama mke. Somo lote la muuguzi lilikuwa halijafika hata sentensi moja. Kumbe miezi miwili nilikuwa nimekaa kibarazani, nikiwa mtu wa kutisha katika nyumba yangu, bila kujua.

“Na siku ya kuku?” nikauliza. “Hukusikia?”

“Nilisikia, Baba. Mama akasema ni uzee, siku hizi unasema na mifugo.”

Akafunika mdomo, lakini alikuwa amekwisha kucheka.

4 Februari

Nimefikia kwa rafiki wa zamani hapa hapa Kihesa, na jioni nakwenda kwa Faustina. Leo kilio kilipoanza, Frida alikuwa anaoga. Faustina alinipa mtoto bila kuuliza, kama mtu anavyokabidhi ndoo.

Nilimlaza kifudifudi juu ya mkono wangu wa kushoto, kichwa karibu na kiwiko, kiganja changu chini ya tumbo lake, nikaanza kutembea uani. Sijui wimbo wowote wa watoto. Nikamtajia jedwali la kuzidisha, polepole, kwa sauti nzito. Alipinda, akapiga mateke, akatapika kidogo kwenye mkono wa koti langu. Niliendelea. Nilikuwa nimechoka, na sitaki kuficha kwamba palikuwa na wakati nilipotamani kumweka chini na kutembea hadi Mbeya kwa miguu. Frida alivumilia hali hii peke yake jioni hadi jioni, huku akiambiwa kwamba ni mchafu.

“Baba,” sauti ikasema nyuma yangu, “saba mara nane si hamsini na nne.”

Alikuwa mlangoni, kichwa wazi, maji yanamtiririka shingoni. Nilisahihisha. Mtoto alikuwa amenyamaza, labda kwa mkono wangu, labda kwa kuwa wakati wake ulikuwa umefika. Mbuke alikwisha kuniambia nisijidai.

9 Februari

Kilio kinapungua. Jana kilikuwa kifupi, leo kifupi zaidi. Kinafanya hasa muuguzi alivyosema kitafanya. Veneranda, aliyepata habari sijui kwa nani, amempigia simu Frida kumwambia kwamba ile mizizi ya Desemba sasa ndiyo inafanya kazi. Niliomba nipewe simu. Frida alikataa kunipa, na alikuwa na haki.

Baada ya ibada Frida alinieleza msimamo wake. Yohane amempigia, amesema atafuata uamuzi wake. Ama arudi Uyole, ama wapange chumba hapa Iringa.

“Sirudi kuishi nyuma ya mlango, Baba. Ukiwa na neno, uniambie wewe. Na Mama nataka anitazame aniambie kama bado anaamini nilimharibu mtoto wangu. Akiwa bado anaamini, aseme. Lakini mtoto hatamgusa.”

Kuhusu mlango, nimemjibu papo hapo: kwangu umekwisha, na ng’ombe ataendelea kula majani. Kuhusu Tumpe, sina mamlaka ya kujibu. Nimempigia simu na kumsomea maneno ya Frida kama yalivyo. Nilipomaliza, simu ikakatika.

13 Februari

Tumpe amefika leo mchana, bila kumwambia mtu. Amevaa kitenge cha kanisani, kimelowa pindoni. Faustina alimpokea begi na kumpa kiti uani, chini ya ukingo wa bati, kwa kuwa manyunyu yalikuwa yanaanguka. Mimi nilikuwa mlangoni. Hakunisalimu.

Frida alitoka na mtoto begani. Walitazamana. Tumpe akasema, bila utangulizi:

“Nilikusema vibaya. Hukumharibu. Yule wangu hakufa kwa kimeo, wala wako hana. Nilikuwa nasikia mtoto mmoja, namtibu mwingine.”

Mtoto alianza kunung’unika, ile sauti ya kwanza tunayoijua sote. Tumpe akanyoosha mikono.

“Nipe nimbebe, mwanangu. Nimbebe tu.”

Mikono ilibaki hapo. Frida aliitazama, akamhamisha mtoto bega la pili.

“Nitafikiri, Mama,” akasema, akaingia ndani.

Tumpe alikuja karibu nami. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alinishika mkono wa koti. “Baba Yohane, wewe anakusikiliza. Kaniombee.”

Nimekataa. Nimemwambia kwamba katika nyumba yetu maneno yamebebwa na watu wengine vya kutosha. Lake amekwisha kulisema kwa kinywa chake, nalo lilikuwa zuri, na kama analo lingine alipeleke mwenyewe. Alinitazama kwa hasira ambayo bila shaka ilifanana na yangu. Kisha akarudi kwenye kiti chake.

Naandika haya mezani kwa Faustina. Ndani mtoto analia, si sana. Nje Tumpe hajaomba chai wala hajaomba kulala. Amekaa, mikono mapajani, uso umeelekea mlango. Kama Frida atafungua, sijui. Nitaandika atakapokuwa ameamua, na nitaandika alichoamua yeye, kwa maneno yake.